Anza na Chini, Paa Baadaye: Mwongozo wa Kutengeneza Steji ya Matatu Mombasa

Maswali ni yale yale, yatoke Mikindani au Mtopanga. "Tumechangishana, twataka kujenga kibanda cha steji, tuanzie wapi?" "Hiyo si kazi ya kaunti? Sisi raia tutafanya nini?" Na lile linaloulizwa na wachache, nalo ndilo zito kuliko yote: "Mama yangu yuko kwenye kiti cha magurudumu. Akifika steji atapanda vipi?"

Mwongozo huu ni wako ikiwa una kikundi cha mtaa, chama cha akina mama, kamati ya msikiti au kanisa, au umechoka tu na steji yenu na wataka kusukuma mambo. Jambo moja nalitanguliza kwa sababu karibu kila mtu hulikosea: steji haianzi na paa, inaanza na ardhi. Paa linapendwa kwa sababu linaonekana kwenye picha na lina nafasi ya kubandika sura ya mheshimiwa. Lakini bibi wa miaka sabini aliyesimama mtaroni akiinua goti afikie ngazi ya matatu hafaidiki na paa lililo nyuma yake huko.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Tepu ya kupimia ya mita 5 na pima maji ya fundi.
- Ubao ulionyooka wenye urefu wa sentimita 120 kamili.
- Fimbo ya mita moja, chaki, daftari na simu yenye kamera.
- Watu: anayetumia kiti cha magurudumu, asiyeona, mzee wa mkongojo, mama mwenye mtoto mgongoni, makanga mmoja au msimamizi wa steji, mtu wa bodaboda, na mmoja katika wanaouza hapo steji.

Hao watu ndio kifaa kikubwa. Mazoea ni kuwaita siku ya uzinduzi wakapigwe picha. Wewe waite siku ya kupima, wakati mambo bado yanabadilika kwa chaki.

Hatua ya 1: Jua barabara ni ya nani

Tangu Sheria ya Barabara ya Kenya ya mwaka 2007, barabara za kitaifa zimegawanywa kwa mamlaka tatu. KeNHA ina barabara kuu: ile ya Nairobi, ya Malindi, na ya Likoni kuelekea Lunga Lunga. KURA inashughulikia za mijini, KeRRA za mashambani. Kwa upande mwingine, Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na usafiri wa umma wa barabarani. Kwa hiyo usishangae steji moja kuwa na wenyewe wawili: ardhi ya huyu, taa za yule.

Anza kwa msimamizi wa wadi. Uliza kwa barua, upate jibu kwa barua. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, kwa hivyo usiombe kama unayeomba hisani.

*Onyo:* usimwage simiti kwenye hifadhi ya barabara, yaani ule ukanda wa kando uliotengewa barabara, bila kibali cha maandishi. Ruhusa ya mdomo, hata itoke kwa mkubwa gani, haizuii tingatinga. Wakati mnasubiri kibali, kazi ipo: kuzibua mtaro, kuondoa mawe na magogo, kupima, kupiga picha, na kupatana na watu wa steji.

Hatua ya 2: Kaa steji, tazama miguu

Nenda saa moja asubuhi watu wakienda kazini, saa nane mchana jua likiwa kali, na saa mbili usiku. Nenda pia siku ya mvua, hata kama wengine watakuona una kichaa. Usitazame nyuso, tazama miguu: watu wanasimama wapi, wanakanyaga nini, wanaruka nini.

Utaona kwamba mara nyingi kibanda kiko hapa na matatu inasimama kule mbele, penye kichochoro kinachomwaga watu wa mtaa. Abiria hufuata mlango wa matatu, hawafuati kibanda. Chora hiyo sehemu kwa chaki. Hapo ndipo steji yenu ilipo kwa kweli, hata kama ramani yasema vingine.

Kisha ngoja mzee apande. "Haya bibi, Posta, Posta, twende!" "Nipe mkono, mwanangu, goti hili halitaki." Makanga, mara nyingi, atampa mkono, vijana wetu kwa hilo hawana neno. Lakini gari likishaondoka, pima kutoka pale alipokanyaga hadi usawa wa lami. Kisha mwombe dereva akusimamishie gari kidogo, upime kutoka lami hadi ngazi ya kwanza. Jumlisha. Hiyo jumla ndiyo kimo ambacho goti la bibi limepanda, na ndiyo namba ya kwanza ya kuandika kwenye barua yenu. Mkubwa ofisini hubishana na malalamiko. Kubishana na sentimita ni shida.

Hatua ya 3: Pima njia ya kufika steji

Tembea na mwenzako wa kiti cha magurudumu kutoka zahanati, shule, au soko lililo karibu mpaka steji. Msimsukume. Aende mwenyewe, na pale anapokwama ndipo mnapoandika.

Njia iwe na upana wa sentimita 120 usio na kitu. Penye nguzo au ukuta isiwe chini ya 90. Vichwa visigonge: matawi, mabango na vyuma vya vibanda vikae juu ya mita 2 na sentimita 10, maana fimbo nyeupe hugusa chini, haioni bati linaloning'inia usoni. Vifuniko vya mtaro viwe kamili, na tundu zake zisizidi upana wa sentimita moja. Magurudumu madogo ya mbele ya kiti ndiyo hunasa humo, na aliyekaa hurushwa mbele.

Kwa njia za mchanga, na tunazo nyingi upande wa Bamburi na Shanzu, kokoto si dawa. Gurudumu linazama kwenye kokoto kama lilivyozama kwenye mchanga. Kabro, yale matofali ya kutandika chini, zilizolazwa sawasawa juu ya udongo ulioshindiliwa ndizo zinazofaa, hata kama ni ukanda wa mita moja na robo tu.

Hatua ya 4: Weka steji mahali pake

Kama kuna kivuko cha miguu, steji ikae baada ya kivuko, kwa maana gari likivuke kwanza kisha lisimame. Steji ikiwa kabla ya kivuko, anayeshuka huvuka mbele ya matatu iliyosimama, na gari linalopita kando halimuoni mpaka ameshajitokeza. Epuka kona na vilele vya mlima. Mengine mtaelewana na mhandisi.

Hatua ya 5: Jukwaa na mteremko

Jukwaa ni sehemu iliyoinuliwa ya kusimama na kupandia. Kimo cha sentimita 15 juu ya lami kinatosha kupunguza ile ngazi bila kuwa ukuta. Uso wake uwe mkavu na wa kukwaruza. Vigae vya kung'aa vya bafuni ni balaa ikinyesha, na bado watu wanaviweka. Jukwaa liiname kidogo sana kuelekea mtaro ili maji yasisimame.

Sasa mteremko wa kupandia jukwaa. Kanuni ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kimo yataka sentimita 12 za urefu. Jukwaa la sentimita 15 linahitaji mteremko wa sentimita 180. Fundi atakwambia mita moja yatosha. Haitoshi.

Kuukagua ni rahisi. Laza ule ubao wa sentimita 120 juu ya mteremko, weka pima maji juu yake, kisha inua upande wa chini mpaka povu likae katikati. Pima nafasi kati ya ubao na ardhi. Ikiwa ni sentimita 10 au chini, mteremko uko sawa. Ikizidi, fundi arudie kabla zege haijakauka, na pesa ya mwisho asipewe mpaka povu likubali.

Upana wa mteremko uwe angalau sentimita 90, bora 120. Juu yake pawe na nafasi ya mita moja na nusu kwa mita moja na nusu ili kiti kigeuke. Ukingo wa jukwaa upande wa barabara upakwe mstari mpana wa manjano, na uwekewe ukanda wa kabro zenye vinundu ambavyo asiyeona atavihisi kwa wayo na kwa fimbo.

*Makosa ya kawaida:* mteremko unaotua mtaroni. Mteremko mzuri unaoishia kwenye nguzo ya stima. Na mteremko uliogeuzwa maegesho ya bodaboda kufikia jioni yake.

Hatua ya 6: Kivuli

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea Mombasa, kwa sababu michoro ya vibanda inaletwa kutoka kwingine na kusimikwa bila kuuliza jua linatoka wapi.

Adhuhuri jua letu liko karibu utosini, hivyo paa lolote latia kivuli chini yake. Taabu ni alasiri. Chomeka fimbo yako ya mita moja ardhini saa kumi jioni, utaona kivuli chake kinazidi urefu wa fimbo yenyewe na kimelala upande wa mashariki. Sasa fikiria paa lililoinuliwa mita mbili na nusu: saa hiyo kivuli chake kimeanguka zaidi ya mita tatu kutoka lilipo. Benchi liko juani, kivuli kiko barabarani au kwenye ukuta wa jirani, na abiria wamejipanga kwenye ule mstari mwembamba wa kivuli cha nguzo. Umeona hayo mara ngapi?

Kwa hiyo fanya hivi. Weka alama za kivuli cha fimbo saa mbili asubuhi, saa sita, saa nane na saa kumi. Kisha:

- Upande wa magharibi weka kizuizi, si paa tu. Matofali yenye matundu, yale yanayowekwa kwenye korido na ngazi za nyumba, ndiyo bora: yanavunja jua, yanapitisha upepo.
- Usijenge ukuta mzima. Ukuta mzima unafungia joto, unaficha mwizi, na baada ya wiki unageuzwa choo. Anayeketi lazima aone nani anakuja, na aonekane.
- Kusi likivuma, mvua ya masika haianguki wima. Inakuja ya ubavu kutoka kusini mashariki, na Mei ndiyo funga kazi. Upande huo shusha paa zaidi au uweke kizuizi kingine.
- Paa liinamie nyuma, na mfereji wake uelekeze maji mtaroni. Kibanda kinachomwaga maji mbele kinamlowesha mtu pale anapokunja mwavuli apande gari.
- Mabati meupe hupunguza joto kuliko yaliyopakwa rangi za giza.

Chumvi ya bahari haina huruma. Chuma cha kawaida kilichopakwa rangi mara moja kitaanza kutoa kutu miguuni, palipochomelewa na panapogusa zege. Agiza chuma kilichochovywa zinki baada ya kuchomelewa, au tumia nguzo za zege. Makuti yanapendeza na yana baridi, lakini kwenye steji yenye sigara na jiko la viazi karai mimi sithubutu.

Na mti? Mti hushinda vibanda vingi. Mwarubaini hukua haraka, hustahimili ukame, na kivuli chake kina hewa. Uupande magharibi mwa steji, mbali kidogo na mtaro ili mizizi isiupasue, na uzungushie kizuizi cha mbuzi. Panda mwanzoni mwa mvua, kabla hata kibali cha kibanda hakijatoka ikiwa mwenye ardhi ameridhia.

Hatua ya 7: Benchi

Mfano mwema tunao Mji wa Kale: baraza la nje ya nyumba. Ni la jiwe, halibebeki, halipati kutu, na wazee huketi hapo na kuinuka bila tabu kwa sababu kimo chake kimekubaliana na magoti ya watu. Kwa steji, kimo cha sentimita 45 ndicho cha kulenga.

Ongeza vitu viwili ambavyo baraza la zamani mara nyingi halina: egemeo la mgongo, na vishikio vya mikono angalau pande mbili. Mzee hainuki kwa miguu peke yake. Na usijaze benchi kutoka nguzo hadi nguzo. Acha nafasi ya sentimita 90 kwa 130 *chini ya paa*, kando ya benchi, ya kuweka kiti cha magurudumu. Nimeona steji ambapo nafasi hiyo imewekwa nje ya kivuli, kana kwamba mwenye kiti hachomwi na jua.

Benchi la chuma kitupu linachoma mchana, na usiku linaenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Hatua ya 8: Taa na kibao

Taa ya sola moja imwelekee anayepanda na ngazi ya gari. Isimulike tu paa. Betri ikae juu na iwe na kufuli. Kibao kiseme jina la steji na magari yanakokwenda, kwa herufi kubwa za rangi iliyokoza juu ya rangi nyeupe. Asiyesikia hana faida na makelele ya makanga, asiyeona anayategemea. Steji nzuri ina vyote viwili.

Hatua ya 9: Patana na wenye steji

Msiporuka hatua hii, zile zingine zitadumu. Jukwaa halina maana ikiwa matatu inasimama mita moja kutoka ukingoni. Hapo mmemfanya bibi ashuke kwanza ndipo apande. Kaeni na sacco, yaani chama cha wenye matatu, na msimamizi wa steji muandikiane mambo machache: gari lisogee mpaka ukingoni, dereva asiondoke kabla mzee hajaketi, na kiti cha magurudumu kilichokunjwa kisilipishwe nauli kama abiria.

Bodaboda wapewe sehemu yao iliyochorwa, yenye kivuli, kando. Mkiwafukuza bila kuwapa mahali watarudi juu ya mteremko. Tuktuk nazo zitengewe nafasi karibu kabisa na mteremko, kwa maana sakafu yake iko chini na wengi wenye shida ya miguu hupanda hizo. Mama wa mahamri na mzee wa kahawa wabaki, ila nje ya ule upana wa sentimita 120. Hao ndio walinzi wenu. Wapo alfajiri na wapo usiku.

Hatua ya 10: Barua na bajeti

Kifungu cha 54 cha Katiba kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufika mahali pote, na kutumia usafiri wa umma, kwa njia inayofaa. Kitaje kwenye aya ya kwanza ya barua. Kisha weka picha tatu na vipimo vyako. Ukurasa mmoja na nusu, usizidi.

Wakati ni muhimu kuliko ufasaha. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mikakati ya fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Anayepeleka ombi lake Mei amechelewa. Pelekeni barua Julai au Agosti, kisha mjitokeze kwenye vikao vya maoni ya umma, mkiwa na yule mwenzenu wa kiti cha magurudumu azungumze mwenyewe. Nakala mpeni mwakilishi wa wadi. Mombasa ina wadi 30, na kila mmoja wao anatafuta kazi ndogo inayoonekana.

Mambo yakikwama

*Ofisi moja inakutuma kwa nyingine.* Omba kila ofisi iandike kwamba barabara si yake. Ukifika ofisi ya pili hivi, mmoja huikubali. La sivyo, Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa raia haki ya kupeleka ombi rasmi kwa bunge la kaunti.

*Kampuni ya matangazo imejitolea kujenga kibanda.* Kubalini, kwa masharti: bango lisikae upande magari yanakotokea, maana litaziba macho ya wanaongoja, na mchoro uoneshe jukwaa, mteremko na nafasi ya kiti kabla ya kutia sahihi. Muulize pia nani ataosha na kurekebisha, na kwa miaka mingapi.

*Maji yanasimama jukwaani.* Kagua mtaro kwanza. Mara nyingi jukwaa halina kosa, ni chupa za plastiki zimeziba chini ya kifuniko. Zibueni kabla ya Aprili na tena kabla ya vuli, Oktoba.

*Matatu zinasimama kwingine.* Rudi hatua ya 2. Ama mlijenga pasipostahili, ama kuna kitu kinaziba njia ya kuingilia, kama gari bovu au rundo la mchanga wa mjenzi.

*Kutu imeanza.* Kwaruza mpaka chuma king'ae, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu mara mbili. Ikishatoboa mguu wa nguzo usipake, badilisha. Paa la mabati likianguka steji yenye watu ni kesi nyingine.

*Pesa zimetosha kitu kimoja tu.* Jengeni jukwaa na mteremko, mpande mwarubaini. Paa litafuata.